Jael na Nyumba Isiyokuwa Yake

Jael Nekesa alikuwa mtu wa kujibu kile alichoulizwa. Ukimuuliza kama ameshiba, hakwambii asante kwanza; anakwambia ameshiba au hajashiba. Dadake Priscah, aliyebaki nyumbani Kiminini, alizoea kumcheka: "Wewe Jael, mwizi akikuuliza ufunguo uko wapi, si utampa na taa amulike!" Jael hakukasirika. Aliona kwamba mtu akisema lililo kweli usingizi wake unakuwa mtamu, na kwa kazi aliyokuwa nayo, usingizi mtamu ulikuwa kitu cha kumshukuru Mungu.

Kazi yenyewe ilikuwa Jeddah, mtaa wa Aziziya, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye ukuta wa rangi ya mchanga na lango la chuma. Alifika huko wakati ule ambao kila mji wa Kenya ulikuwa na ofisi ya ajenti, na kila ukoo ulikuwa na mtu anayengoja viza. Mumewe alikuwa amefariki, na mtoto walikuwa naye mmoja tu, Shirleen, ambaye alikuwa darasa la saba mama yake alipoondoka. Jael alimwachia Priscah mtoto huyo, akapanda ndege, akaenda kuwaoshea watu nyumba.

Sasa nisikudanganye kwamba aliteswa. Wapo walioteswa, na tunawaombea. Jael aliangukia watu wa kawaida. Madam alikuwa na kelele nyingi asubuhi na huruma kidogo jioni. Baba, mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa kafili wake, yaani yule ambaye ikama, kibali cha kukaa nchini, na karatasi zote za Jael zilikuwa chini ya jina lake. Yeye alifanya kazi Riyadh, huko alikozaliwa, na Jeddah alikuja mara chache. Kazi ilikuwa nyingi lakini chakula kilikuwepo, na Jael alikuwa na mlango wake wa kufunga, chumba kidogo kando ya stoo ya mchele. Hapo ndipo aliposali, kimya kimya, uso ukutani, na jina lililotajwa sana katika sala hizo ni Shirleen.

Na Shirleen hakumwangusha mama yake. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka mwishoni mwa mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, msichana alikuwa na A. Priscah alituma ujumbe wa sauti ambao ulikuwa ni vigelegele tu, mwanzo hadi mwisho, hata neno moja halikusikika. Jael aliusikiliza akiwa amesimama bafuni na brashi mkononi, akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea la Madam, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalia kidogo, kisha akainuka akasugua pale alipokuwa ameketi.

Mwalimu mmoja alimsaidia Shirleen kuomba nafasi katika chuo kikuu cha Amerika. Kilikuwa katika jimbo moja la katikati, jimbo la mahindi. Shirleen alimtumia mama yake picha, na Jael akaona mahindi kweli, yamenyooka kama ya Kitale, akaamini kwamba huko hakutakuwa na shida kubwa. Chuo kilimkubali. Lakini kilikuwa cha serikali ya jimbo, na karo ilikuwa na mizani mbili: watoto wa jimbo lile walilipa kidogo, na wa kutoka nje ya jimbo, hata kama ni jimbo la jirani, walilipa zaidi ya mara mbili. Na huyu wetu alikuwa anatoka Kiminini! Chuo kilisema kinaweza kumpa ufadhili, kiasi kikitegemea hali ya jamaa yake. Kwa hivyo kilitaka mzazi ajibu maswali fulani peke yake, kwa njia ya mtandao, sehemu ambayo mwanafunzi mwenyewe haruhusiwi kuiona.

Hapo ndipo Onesmus anapoingia.

Onesmus alikuwa Mkamba wa Machakos, mlinzi wa jumba la ghorofa sita lililotazamana na nyumba ya kina Madam. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Jael hakuwa na ruhusa ya kutoka nje ovyo, lakini takataka za nyumba ile zilikuwa kazi yake, na pipa kubwa la mtaa lilikuwa kando ya lango la Onesmus. Basi wafanyakazi wa mtaa ule walionana pipani. Habari za nyumbani, misiba, harusi, nani amebadilisha kafili na nani amerudi Kenya, vyote vilipitia pipani, vikisemwa haraka haraka na mtu ameshika mfuko mweusi mkononi. Maswali ya chuo kikuu nayo yalijibiwa hapo hapo, mawili matatu kwa siku, kutegemea wingi wa taka.

"Mama Shirleen, ya leo iko hivi," Onesmus alisema, simu mkononi. "Nyumba unayoishi ina vyumba vingapi?"

"Vya kulala ama vyote?"

"Hawa wamesema vyumba."

Jael alihesabu kwa vidole. Hakuhitaji kufikiri, kila chumba alikijua kwa kona zake. "Kumi na viwili. Bila vyoo. Wameuliza vyoo?"

"Hawajauliza."

"Basi usiandike vyoo."

"Magari ya nyumba hiyo?"

"Matatu. Moja ni bovu."

"Bovu lakini lipo?"

"Lipo. Watoto wanachezea ndani."

"Matatu basi. Kuna wafanyakazi walioajiriwa hapo nyumbani?"

"Onesmus, si unaniona? Wawili. Mimi na dereva yule Mbangladeshi. Ngoja, andika na yule wa maua. Huja Jumanne."

"Watatu," akasema Onesmus, akabonyeza.

Usimcheke. Onesmus mwenyewe hakuona lolote la ajabu, maana yeye alilala katika kibanda cha lango, na ungemuuliza anakaa wapi, angekutajia jumba lote na jina lililoandikwa juu ya mlango. Mtu anayelala kazini mwaka baada ya mwaka, akiulizwa nyumba unayoishi, atataja nyumba gani nyingine? Swali la mshahara lilikuwepo pia, na Jael alilijibu sawasawa. Wale wa Amerika, naona, waliposoma vyumba, magari na watumishi, wakadhani kile kidogo kilichoandikwa kwenye mshahara ni pesa za mama kujipaka mafuta.

Majibu yalikuja baada ya majuma machache. Wakati ule simu za WhatsApp hazikupita kule Saudia, kwa hivyo mama na mtoto walitumiana sauti. Jael aliifungua mchana, nyumba yote ikiwa imelala baada ya wali.

"Mum," sauti ya Shirleen ilikuwa chini, imevunjika. "Wamenipa ufadhili kidogo sana. Hata robo haifiki. Wanasema jamaa yetu ina uwezo. Mum, wanasema sisi ni matajiri. Uliwaambia nini?"

Jael alisikiliza tena na tena. Kisha akaangalia chumba chake, kitanda, sanduku, ndoo, na pole pole akaelewa. Alishika mdomo. Alikuwa amemwandikisha mtoto wake katika nyumba ya Madam.

Siku ile alipeleka taka mara mbili, na mara ya pili mfuko ulikuwa na maganda ya ndizi tu. Onesmus alipoambiwa, kofia ilimtoka kichwani yenyewe.

"Mama Shirleen, tumekwisha. Mimi ndiye niliyebonyeza!"

"Tumebonyeza wote. Niambie cha kufanya."

Onesmus alisoma hadi mwisho barua ya chuo, ambayo Shirleen alikuwa ameituma. Kulikuwa na njia. Mtu asiyeridhika na ufadhili aliopewa aliweza kukata rufaa, kuomba uongezwe, mradi aeleze vizuri hali yake na alete barua ya mwajiri inayothibitisha mshahara na mahali anapoishi. Mwisho wa Aprili mlango unafungwa. Bila nyongeza, nafasi ya Shirleen angepewa mwingine.

Onesmus alikuna kidevu. "Kuna njia fupi. Tuandike kwamba umefutwa kazi. Mtu aliyefutwa hana vyumba, hana magari. Halas, basi."

"Nimefutwa?"

"Hujafutwa, lakini nani atakuja kuangalia?"

"Yule ninayesali kwake haji kuangalia, ndugu yangu. Yuko hapa siku zote." Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chai. "Andika ukweli. Ukweli wetu haujawahi kuandikwa vizuri, ndiyo shida."

Wakaanza kuandika maelezo, kidogo leo, kidogo kesho, kama kawaida ya pipani. Onesmus alikuwa na maneno mengi makubwa. Aliandika kwamba Jael ni mjane maskini anayeteseka ugenini, mwenye machozi kila siku. Alipomsomea kwa Kiswahili, Jael aliweka mfuko chini.

"Futa hapo pa kuteseka."

"Mama, hawa watu wanataka kuhurumia!"

"Siteseki. Ninafanya kazi. Na machozi ya kila siku nayatoa wapi, na sakafu yote ile? Andika hivi: nyumba niliyowaambia ipo kweli, na vyumba ni hivyo hivyo kumi na viwili. Mimi ndiye ninayeviosha. Si vyangu. Nilidhani mnauliza ninapolala. Nina mtoto mmoja, amepata A akiwa mbali na mama yake, na hajawahi kunisumbua. Sitaki mumpe kwa sababu ninalia. Mpeni kwa sababu ataweza."

"Hii ni kali kuliko yangu," akasema Onesmus, akaandika.

Iliyobaki ilikuwa barua ya mwajiri, na hiyo haikupatikana pipani.

Jael alimwomba Madam huku mikono yake ikikunja nguo za watoto. Alieleza kwa Kiarabu chake cha jikoni, kile kisicho na mwisho wala mwanzo lakini kinachofika. Madam alisikiliza akiangalia simu, kisha akainua kichwa.

"Unataka kuondoka?"

"Siondoki, Madam. Ni mtoto anayeenda shule."

"Mimi si kafili. Karatasi ni za Baba. Tukienda Riyadh likizo, mwulize mwenyewe." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Usimwulize kabla hajala."

Likizo ya shule ilipoanza walifunga safari kwa gari, wakapanda milima ya Taif, wakaingia jangwani. Jael alikaa nyuma katikati ya watoto, mmoja amelalia bega lake, mwingine amemtapikia abaya, buibui lake jeusi, na njia nzima akapanga maneno. Aliyapanga, akayapangua. Jambo la kuogopa lilikuwa moja: kafili akihisi kwamba unajiandaa kuondoka, au kwamba unamshtaki kwa watu wa nje, anaweza kukupa tiketi ya kurudi kwenu kesho yake asubuhi. Na bila kazi, hata ule ufadhili ukiongezwa, nauli ya kumfikisha Shirleen huko ingetoka wapi?

Walifikia kwa mama yake Baba, katika mtaa wa zamani upande wa kusini mwa Riyadh. Kila mtu alimwita Hajja. Alikuwa mzee mwenye miguu iliyovimba na ulimi usiovimba hata kidogo. Alipomwona Jael, hakuuliza habari za wajukuu kwanza. "Yalla, umefika! Njoo na mafuta. Hawa wa huku wananipaka kama wanapaka gari rangi." Na kweli Jael alikuwa na mkono. Aliyapasha moto mafuta ya zeituni, akaketi sakafuni, akaichukua miguu ile pajani kwake, akaisugua kutoka vidoleni kwenda juu, kama alivyokuwa akimfanyia mama yake mzazi. Hajja alifumba macho akasimulia habari za watu waliokwisha kufa.

Siku ya pili, Baba alipokwisha kula na kunawa, Jael alimwomba. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Baba alicheka kwanza, sana, aliposikia habari ya vyumba.

"Yaani uliiambia Amerika kwamba nyumba yangu ni yako?"

"Sikuwaambia ni yangu, Baba. Niliwaambia naishi humo."

"Na gari bovu ulilitaja?"

"Nililitaja."

Akacheka tena hadi akakohoa. Alikuwa mtu wa heshima zake, si mkali, na jambo la elimu lilimpendeza; alisema kwamba babake naye alitoka kijijini kwenda kusoma. "Mafi mushkila, hakuna shida. Nitaandika leo leo, kwa Kiingereza, na mhuri wa ofisi."

Jael alikwenda jikoni akamshukuru Mungu juu ya sufuria. Aliona mlima umekuwa tambarare.

Kumbe heshima ndiyo iliyoleta taabu. Jioni, Jael akiwa sakafuni na miguu ya Hajja pajani, Baba aliingia na karatasi, uso unang'aa.

"Nimekuandikia vizuri sana," akasema. "Nimesema wewe ni mtu wetu, unakaa kwetu, una chumba na chakula. Na mshahara, nimeandika mara tatu."

Mikono ya Jael ilisimama. "Mara tatu, Baba?"

"Mara tatu! Waone kwamba tunakuthamini." Akangoja shukrani.

Jael alielewa yote kwa mara moja. Baba hakuwa na nia mbaya. Aliona haya tu kwamba watu wa chuo kikuu cha Amerika wasome karatasi yenye jina lake na mhuri wa ofisi yake, halafu waone kile anachomlipa mwanamke anayemlelea watoto. Akaificha haya ile kwa wino. Lakini karatasi ile ikifika, kule wangeona mshahara mkubwa na majibu ya Jael yanayotaja mwingine, na wangesema mama huyu ni mwongo, na jina la Shirleen lingetiwa kando. Na kama angenyamaza na kuipokea, alikuwa ameupeleka uongo mwenyewe kwa mkono wake.

Angeweza kusema asante na kutafuta njia nyingine baadaye. Wengi wangefanya hivyo. Hakuna mtu anayemsahihisha kafili wake mbele ya mama yake mzazi. Jael aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Baba, Mungu akubariki kwa kazi hii. Lakini mshahara huo si wangu."

"Najua si wako. Ni wa karatasi."

"Karatasi inakwenda na jina la mtoto wangu. Naomba, Baba. Andika ule unaonipa. Ama unipe ule ulioandika."

Jael mwenyewe aliyasikia maneno yake kana kwamba yamesemwa na mtu mwingine mlangoni. Hakuyapanga hayo, njia nzima ya jangwani hayakuwamo.

Kisha Hajja akaanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu kwa sauti, akapiga paja lake kwa kiganja. "Wallahi! Wallahi amekupata! Lipa au futa, mwanangu. Moja kati ya hayo mawili."

"Mama, hii ni habari ya kazi."

"Ni habari ya aibu. Kama mshahara unakuaibisha kuuandika, mbona haukukuaibisha kuulipa?"

Baba alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alimtazama Jael kwa muda mrefu, na Jael akayashusha macho lakini hakuyarudisha maneno. Baba akakunja karatasi, akatoka, na mlango ukajifunga kwa kishindo.

"Endelea na mguu wa kushoto," akasema Hajja. "Ataiva tu. Alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni."

Lakini Baba hakuiva kesho yake, wala keshokutwa. Alipita kando ya Jael kama anayepita kando ya kabati. Madam alimkaripia jikoni: "Umefanya nini wewe? Nilikwambia usubiri ale!" "Alikuwa amekula, Madam," Jael alijibu, na hilo nalo lilikuwa kweli. Aprili ilikuwa inakimbia. Shirleen alituma sauti akiuliza kama barua imepatikana, na Jael akamjibu hivi: "Bado, mwanangu. Imekuja moja yenye uongo nikairudisha. Ukikosa nafasi, ni mimi nimekukosesha, na unaweza kunilaumu. Lakini sikuweza." Jibu la msichana lilikuja usiku, nalo lilikuwa fupi: "Mum, ningekasirika kama ungeichukua. Lala."

Asubuhi ya kurudi Jeddah, mizigo ikiwa garini, Baba alitoka na bahasha. Hakumpa Jael. Alimpa Madam kupitia dirisha, akasema, "Ya huyo," akarudi ndani. Madam akampokeza Jael nyuma, naye akaishika bahasha ile juu ya magoti hadi Jeddah, na watoto walipotaka kuichezea aliikalia.

Onesmus aliifungua pipani, akaisoma mara moja kimya, mara moja kwa sauti. Mshahara ulikuwa ule ule wa kweli, bila kupunguzwa wala kuongezwa. Chini yake Baba alikuwa ameandika kwamba nyumba na magari ni mali yake yeye, na kwamba mwanamke huyu ana chumba kimoja kando ya stoo. Halafu palikuwa na sentensi moja zaidi, peke yake kabla ya mhuri.

"Anasema hivi: nilimwandikia barua nzuri kuliko hii, akaikataa kwa sababu haikuwa kweli."

"Ameandika hivyo? Baba?"

"Na mhuri juu, mama."

Jael aligeuka akatazama pipa, kwa maana hakutaka Onesmus amwone uso. "Piga picha utume," akasema. "Nina pasi jikoni."

Ilikuwa Mei, joto limeanza kuuma, Jael anapiga pasi kanzu za watoto, ndipo sauti ya Shirleen ilipokuja. Alianza kwa Kiingereza, akaingia Kiswahili, akamalizia kwa Kibukusu ambacho Jael hakujua kwamba mtoto wake bado anakijua vizuri hivyo. Rufaa ilikuwa imekubaliwa. Chuo kilikuwa kimemtoa katika karo ya watu wa nje ya jimbo. Angehesabiwa kama mtoto wa pale pale, na hiyo karo ndogo nayo kilimlipia. Barua yao ilisema kwamba wale waliokaa kuamua walisomeana maelezo ya mama kwa sauti. Kilichobaki, ukiacha nauli, kilikuwa chakula, na hicho Shirleen angekipata kwa kufanya kazi jioni katika jiko la mabweni.

Hapo Jael alibonyeza kusimamisha. Akajibu, sauti yake ikiwa nzito: "Kazi gani jikoni?"

"Kuosha vyombo, Mum."

"Shirleen, nimekuja huku ili wewe usiwaoshee watu vyombo."

"Mum, nitaosha jioni, na mchana nitakuwa darasani. Wewe unaosha mchana na jioni. Mimi naona tumepanda nusu nzima." Kisha akacheka, na kilikuwa kicheko cha marehemu baba yake. "Na wakiniuliza jikoni nimefunzwa na nani, niwaambie nini? Kwamba mamangu ni tajiri wa Jeddah?"

Jael alicheka hadi akaunguza mkono wa kanzu, kidogo tu, mahali pa kupinda. Alimwonyesha Madam mwenyewe, kabla haijaonekana, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kusimama hapo, akamwambia na habari za Amerika. Madam aliitazama kanzu, akamtazama Jael. "Itashonwa," akasema. Kisha akamshika mashavu yote mawili kwa viganja, jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kulifanya.

Alhamisi ile Madam alikuwa na wageni, wanawake wa jamaa na majirani, wamevua abaya, wananukia udi, wamejaa sebuleni. Jael alipita na birika la kahawa na vikombe vidogo. Madam alikuwa akizungumza kwa sauti.

"Binti yetu anakwenda chuo kikuu Amerika. Mume wangu ndiye aliyeandika barua."

"Mashallah! Yupi? Yule mkubwa?" mgeni mmoja akauliza, maana mkubwa wa Madam alikuwa na miaka kumi na moja.

Jael alikuwa ameinama akimmiminia huyo huyo kahawa. Alijaza kikombe hadi mahali pake, akainuka.

"Ni binti yangu," akasema. "Anaitwa Shirleen."

Wageni waligeuka wote. Madam akasogea kwenye kochi, akamwachia nafasi. "Ni wake," akasema. "Ni kweli, ni wake. Waambie, basi. Kaa uwaambie."

Jael aliketi ukingoni mwa kochi la kijani, ambalo alijua uzito wake kwa kulisogeza, na birika likabaki pajani. Mwanamke mzee aliyevaa dhahabu nyingi alimsogelea.

"Atasomea nini?"

"Maji," akasema Jael. "Kuyatafuta chini ya ardhi, na kuyafikisha majumbani."

"Maji! Msichana?"

"Msichana, mama. Na kwetu Kiminini visima hukauka Januari, kwa hivyo kazi anayo hata kabla hajaanza. Alipokuwa mdogo hivi..." akaonyesha kwa mkono, kimo cha meza ya kahawa, na wanawake wakasogeza vikombe vyao karibu ili wamsikie.